Mzee Leonardi Gahungu Ashuka Baiskeli: Miaka Thelathini na Mmoja ya Mteremko wa Nyamisana

Tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, Mzee Leonardi Gahungu atasaini daftari la zamu kwa mara ya mwisho. Atakuwa ameitumikia Huduma ya Afya Mwambao kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne, yote akiwa na cheo kimoja: msafirishaji wa dawa na sampuli, njia ya Buhambwe hadi Nyamisana. Hajawahi kuomba kupandishwa cheo. Aliwahi kueleza kwamba kazi yake ni kushuka, na kama ni kupanda, anapanda kila anaporudi.

Mratibu wetu, Mama Regina, ndiye aliyeniagiza niandike wasifu huu. Alisema nina kalamu nzuri na nimefanya kazi na mstaafu kwa miaka kumi na moja. Hakujua kwamba wasifu wa Mzee Leonardi ukiandikwa kwa ukweli, lazima utamtaja mara kwa mara mtu mmoja mpumbavu, na kwamba mtu huyo ni Afisa Ugavi wa shirika hili, yaani mimi niliyeshika kalamu. Niliomba kazi hiyo apewe mwingine. Akasema nisiwe mnyenyekevu kupita kiasi.

Mzee Leonardi alizaliwa Simbo mwaka 1965. Kabla ya kujiunga nasi alikuwa mkulima wa maharage na mpanda michikichi wa kukodiwa, mtu wa kupanda michikichi ya watu na kushusha mikungu. Machi 1994 aliajiriwa kubeba boksi la chanjo kutoka stoo yetu ya Buhambwe, juu mlimani, hadi zahanati ya Nyamisana iliyo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Kwa ramani ni kilomita tisa. Kwa magoti ni zaidi. Njia hiyo inashuka kati ya mawe, mizizi na makorongo, na mahali pawili inavuka maji juu ya gogo moja. Gari haliingii. Pikipiki tuliwahi kuijaribu. Ilishuka siku moja na kurudi mjini kwa boti, ikiwa imelazwa ubavu kama mgonjwa.

Boti hutoka Kigoma siku ziwa linapokubali. Ziwa likikataa, watu wa Nyamisana hubaki na Mzee Leonardi.

Miaka miwili ya kwanza alitembea kwa miguu. Kisha akapewa ile baiskeli nyeusi ya chuma ambayo wengi wenu mnaikumbuka, aliyokuwa akiiendesha panapoendesheka na kuisukuma pasipoendesheka. Breki zake zilipoisha alifunga vipande vya tairi la gari, na vipande vilipoisha alitumia soli za viatu vyake mwenyewe, akafika Nyamisana na dawa salama na vidole vikichungulia. Mwaka 2003 alifika na beberu amefungwa kwenye keria. Beberu huyo alikuwa amemziba njia, akakataa kuondoka, na mstaafu wetu akaona njia fupi ya kumaliza ubishi ni kumpeleka kwa mwenyewe, ambaye kwa bahati aliishi bondeni.

Aprili 2022 tukapata barua njema. Klabu moja ya waendesha baiskeli za milimani huko ng'ambo ilisikia habari za Mzee Leonardi, ikaahidi kumtumia baiskeli mpya inayofaa mteremko wake. Walichotaka ni sisi tuseme aina gani na kujaza fomu ya vipimo. Kwenye kikao cha ofisi yetu ya Katubuka, mjini, Mama Regina aliuliza nani anaelewa mambo ya baiskeli. Nikanyoosha mkono. Ukweli ni kwamba baiskeli ya mwisho kuipanda ilikuwa ya kaka yangu, nikiwa darasa la sita, na nilianguka nayo.

Kwa miezi mitatu nilisoma mtandaoni. Nilitazama video za vijana wenye kofia za kufunika uso wakiporomoka kwenye majabali na kutua kama paka. Nilijifunza kwamba kinachotafutwa kwenye baiskeli ya mteremko mkali ni shokomzoba zenye mbonyeo mrefu, zile zinazomeza jiwe kabla mgongo haujapata habari. Nikapata falsafa yangu: mbonyeo ukiwa mrefu, baiskeli ni nzuri; ukiwa mrefu zaidi, ni nzuri zaidi. Ofisini nikaanza kuzungumza kwa sentimita. Mtu akiniuliza habari za asubuhi, namjibu habari za pembe ya uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu.

Niliyoichagua ilikuwa na mbonyeo wa sentimita ishirini mbele na ishirini nyuma, uma mnene kama wa pikipiki, na uzito wa kilo kumi na nane. Nilitoa maelezo kwenye kikao kwa picha na mishale. Wote walipiga makofi. Mzee Leonardi alikaa karibu na mlango, kofia magotini, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Na kurudi?"

Nilimweleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mzee asiyejua mambo, kwamba hii ni baiskeli ya kushukia. Akaitikia kwa kichwa. Sikuona, au nilikataa kuona, kwamba mtu anayeshuka mlima asubuhi analazimika kuupanda jioni, na kwamba baiskeli niliyoichagua ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaopandishwa kileleni kwa gari.

Sasa nafika kwenye fomu. Fomu ilikuwa na kisanduku cha urefu wa mwendeshaji. Mzee Leonardi ana sentimita mia moja sitini na mbili. Mimi nina mia moja themanini na tatu. Niliandika mia moja themanini na tatu. Ningependa kusema kalamu iliteleza. Haikuteleza. Nilikuwa nimeshajiona Jumamosi, mstaafu akiwa mapumzikoni, nikiishusha ile baiskeli mlimani mwenyewe kwa kile nilichokiita majaribio ya kitaalamu.

Mama Regina, ukifika hapa, nakuomba uendelee kusoma hadi mwisho kabla hujaniita ofisini.

Baiskeli ilifika Januari 2023. Mzee Leonardi ndiye aliyelifungua boksi pale stoo. Alipoipanda, vidole vya miguu ndivyo pekee vilivyogusa ardhi, na kwa shida. Mama Regina akauliza imekuwaje. Nilijibu haraka kwamba wale wafadhili wamekosea saizi. Aliandika barua kali siku hiyo hiyo. Klabu ikanyamaza.

Hata hivyo sherehe ya uzinduzi ilikuwa imeshapangwa, wageni wamealikwa, nyama imenunuliwa. Nikajitolea kuionyesha baiskeli kwa wageni, kwa kuwa, nilivyosema, kwa bahati inanitosha. Na kwa kujiamini kwangu nilikuwa nimeshaagiza baiskeli nyeusi ya Mzee Leonardi ichomelewe juu ya lango la ofisi ya Katubuka kama kumbukumbu ya kihistoria. Fundi alifanya kazi nzuri sana. Haikutoka tena mpaka leo.

Jumamosi tarehe 21 Januari, mbele ya wageni na kwaya, nilianza kushuka kutoka Buhambwe. Shokomzoba zilimeza jiwe la kwanza kama zilivyoahidiwa. Zikameza la pili. Furaha ikanipanda, nikabana breki ya mbele peke yake. Waliokuwepo wanasema nilipita juu ya usukani nikiwa bado natabasamu. Nilitua kwenye shamba la mihogo, mita mia mbili tu kutoka mahali nilipoanzia, nikavunjika mfupa wa mtulinga. Baiskeli haikupata hata mkwaruzo.

Aliyenifikia wa kwanza ni Mzee Leonardi. Alivua shati lake, akalikunja, akanifunga mkono kifuani, akanipandisha hatua kwa hatua huku akiniambia "buhoro buhoro", yaani polepole, kama vile mtu anavyomsindikiza ng'ombe aliyezaa. Kwaya ilikuwa bado inaimba.

Hadi hapo ni kichekesho, nami nimekisimulia mwenyewe kwenye harusi na misiba. Yanayofuata sijawahi kuyasimulia.

Asubuhi ya tarehe 14 Machi 2023, Nesi Esther wa zahanati ya Nyamisana alipiga simu stoo ya Buhambwe. Mimi ndiye niliyepokea, kwa mkono mzima. Alisema kuna mama amejifungua mapacha alfajiri na damu haikatiki. Friji la zahanati lilikuwa limekufa tangu juzi, dawa ya kuzuia damu imeharibika kwa joto, na sindano ya mwisho iliyokuwa nzima ameshaitumia. Ziwa lilikuwa limechafuka siku ya pili, hakuna boti iliyothubutu.

Mzee Leonardi alipakia dawa kwenye boksi la baridi, akalifunga mgongoni. Akautazama mlango wa chumba tulichohifadhi ile baiskeli kubwa. Akatazama miguu yake. Kisha akaondoka kwa miguu, mvua ikinyesha.

Nilibaki na simu. Nesi Esther alipiga mara nne. Mara ya kwanza alitaka kujua kama ametoka. Mara ya pili alisema anambonyeza mama tumbo kwa mikono miwili na hawezi kuacha, ndugu wa mgonjwa ndiye anayemshikia simu sikioni. Mara ya tatu alihema tu, nami nilisikia watoto wawili wakilia kwa nyuma. Mzee Leonardi alishuka kwa saa moja na dakika hamsini, njia ambayo kwa miguu, kwenye matope, ni ya saa mbili na nusu. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Simu ya nne ilikuwa ya kusema dawa imefika na damu imeanza kupungua.

Yule mama alipona. Ziwa lilipotulia alipelekwa hospitali, na baada ya wiki tatu akarudi nyumbani. Nesi Esther ndiye aliyemshika duniani kwa mikono yake mpaka dawa ilipofika. Lakini mimi nilikuwa afisa ugavi wa miezi mitatu ya mtandao, najua hesabu zote: kwa baiskeli sahihi, njia ile ni dakika hamsini. Ile saa nzima ya zaidi, ambayo mama yule aliimaliza akivuja damu, niliitengeneza mimi kwa kalamu, kwenye kisanduku kimoja cha fomu.

Jumapili nilikwenda Simbo. Nilimkuta mstaafu wetu uani, akichambua maharage kwenye ungo. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaulizia mtulinga. Nilikuwa nimeandaa hotuba njiani, tangu nilipopita Mwandiga. Ikanipotea yote.

"Mzee, ule urefu kwenye fomu ni wangu."

"Najua," alisema. "Ulikuwa umebandikwa kwenye boksi."

Aliingia ndani, akarudi na kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Katikati ya kurasa kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, aliyokuwa ameibandua kwenye boksi siku ile ya kwanza, kabla Mama Regina hajaingia stoo. Jina langu lilikuwepo, na mia moja themanini na tatu.

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema siku ile ungefukuzwa, na mimi baiskeli nisingepata. Nilikungoja uje mwenyewe. Nilipokuwa nashuka juzi, nilijilaumu kwamba nimekungoja sana." Akaendelea kuchambua maharage. "Waandikie wenye baiskeli ukweli. Mama Regina utamwambia siku utakayoweza."

Niliwaandikia klabu usiku huo huo, kurasa mbili, pamoja na habari za shamba la mihogo. Walijibu baada ya siku nne. Walisema wamecheka, kisha hawakucheka, na kwamba safari hii hawataki kusikia chochote kutoka kwa afisa. Wanataka mwendeshaji aeleze mteremko wake.

Hapo ndipo nilipojifunza jinsi baiskeli inavyochaguliwa. Mzee Leonardi hakufungua mtandao. Alichukua kamba, fimbo na daftari, akaenda kuupima mlima. Alipima jiwe refu kuliko yote analolazimika kulishuka: lilimfika chini kidogo ya goti. Alipima mwanya mwembamba kuliko yote, kati ya majabali mawili: sentimita themanini na moja, kwa hiyo usukani mpana niliouona kwenye video ungemkwamisha hapo. Alihesabu ni wapi anaweza kukanyaga pedeli akirudi, akapata kilomita sita kati ya tisa, na zile tatu zilizobaki atalazimika kuibeba baiskeli begani. Aliandika kwamba boksi hukaa mgongoni, hivyo keria haina kazi. Aliandika kwamba mvua ikinyesha, breki za kubana ringi hushika maji badala ya kushika gurudumu. Mwisho aliandika urefu wake, na urefu wa mguu kwa ndani, akanipa nimsomee namba hizo kwa sauti mara mbili.

Klabu ikamtafutia ile jamii ya baiskeli ambayo mimi niliiruka kwa dharau nikidhani ni ya watu waoga: ya kushuka makali na bado ikaweza kupanda mlima. Mbonyeo wa sentimita kumi na saba mbele na kumi na sita nyuma. Uma ulioegemea mbele, ili gurudumu litangulie na mwenyewe asirushwe, jambo ambalo mtulinga wangu unaliunga mkono. Kiti kinachoshuka kwa kitufe wakati wa mteremko na kupanda tena wakati wa kukanyaga. Breki za mafuta zenye sahani kubwa. Tairi nene za ubavu mgumu, gia ndogo kabisa ya kupandia, na usukani uliokatwa hadi sentimita sabini na sita. Ile kubwa waliagiza tuipeleke kwa kikundi chao kingine Arusha, ambako watu hushuka kwa mchezo na gari huwapandisha.

Ilifika Oktoba 2023. Mzee Leonardi aliizoea kwa wiki mbili, akianza na vipande vifupi, akirudia kila kona mpaka aridhike. Safari ya kwanza na boksi mgongoni ilimchukua dakika hamsini na tatu. Leo ni arobaini na sita. Tangu siku hiyo hakuna chupa ya dawa iliyofika Nyamisana ikiwa ya moto, na amemfundisha Diana Niyokwizera, atakayechukua njia hii, kila jiwe kwa jina lake. Diana anasema somo la kwanza lilikuwa wiki nzima ya kuipanda njia kwa miguu kabla ya kuruhusiwa kugusa baiskeli.

Mwezi huu tulimuuliza mstaafu angependa zawadi gani kutoka kwa wafanyakazi. Wengine walitaja godoro, wengine mabati. Alisema mabati atapokea, lakini kwanza angependa mimi niteremke naye hadi Nyamisana kwa miguu. Ndipo nilipolazimika kukiri jambo ambalo pengine ni la aibu kuliko fomu. Kwa miaka kumi na moja nimeandika maneno "mteremko wa Nyamisana" kwenye kila karatasi ya ugavi, nimeuchagulia baiskeli, nimeuchorea mishale. Nilikuwa sijawahi kuushuka hadi mwisho. Nyamisana nilikuwa nakwenda kwa boti, siku za ziwa tulivu, nikiwa na mwavuli.

Tulishuka Jumamosi tarehe 14. Diana alitupita kwa baiskeli kwenye kona ya tatu, akatusalimia, akapotea. Kufikia katikati nilikaa chini kwa kisingizio cha kutazama ziwa. Mzee Leonardi alichukua begi langu bila kuuliza. Tulitumia saa tatu na robo. Alinionyesha mahali alipoanguka yeye siku ile ya mvua, mara mbili. Sikujua kwamba alianguka.

Zahanatini Nesi Esther alikuwa ametupikia ugali wa muhogo na samaki aina ya migebuka. Baada ya kula alileta daftari la mapokezi, linaloandikwa tarehe, dawa, hali ya ubaridi, muda, na safu ya mwisho, sababu ya kuchelewa. Nililifungua mpaka Machi 2023. Kwenye tarehe 14, kwenye safu ile ya mwisho, kwa mwandiko wa Mzee Leonardi, palikuwa na maneno matatu: Njia ilikuwa telezi.

Niliomba kalamu. Pembeni mwa maneno hayo niliandika: "Kosa la Afisa Ugavi," nikaweka sahihi na tarehe ya siku hiyo. Mzee Leonardi alivaa miwani, akalisogeza daftari kwenye mwanga, akasoma taratibu.

"Umeandika nje ya mstari," alisema, akalifunga.

Mzee Leonardi, kwa niaba ya ofisi ya Katubuka, stoo ya Buhambwe na zahanati ya Nyamisana, tunakushukuru kwa kila boksi ulilolifikisha likiwa la baridi. Tunamshukuru mama yetu nyumbani kwako Simbo, aliyekufulia matope ya miaka thelathini na mmoja. Michikichi yako izae, maharage yako yakauke kwa wakati, na magoti yako yapumzike kwenye uwanja tambarare. Nenda kwa amani, Mzee wetu. Uishi vizuri, na uishi sana.

Erasto Bukeyeneza
Afisa Ugavi (kama bado)